Uyoga wa dawa wa Kichina: tujue tunachokinunua

Ukikaa barazani siku hizi, iwe Mji wa Kale, Majengo, Likoni au Malindi, haipiti wiki hujamsikia mtu akiisifu kahawa ya uyoga. Paketi yake ni nyembamba kama ya kahawa ya kawaida lakini bei si ya kahawa, na anayeiuza mara nyingi ni mtu tunayemjua: shemeji, jirani, mwalimu mstaafu, binti wa rafiki. Ukimuuliza inatibu nini, orodha ni ndefu: sukari, presha, saratani, ini, figo, viungo, usingizi na nguvu za kiume. Ukimuuliza ni uyoga gani huo, jibu ni fupi: "Ni wa Kichina, wa miaka elfu nne."

Sikukusudia kumharibia mtu biashara yake. Riziki ni ngumu na kila mtu anahangaika. Lakini wanaonunua paketi hizi wengi ni wagonjwa, na baadhi yao huanza kuruka vidonge vya hospitali kwa sababu wameambiwa uyoga unatosha. Hapo jambo linatoka kwenye biashara na kuingia kwenye uhai wa mtu. Kwa hivyo tutazame uyoga huu ni nini, Wachina wenyewe waliutumiaje, maabara zimeona nini, na tuulize maswali gani kabla ya kutoa pesa.

Miaka elfu mbili, wala si elfu nne

Kitabu cha dawa cha Kichina kinachohesabiwa kuwa cha kale zaidi kinaitwa Shennong Bencao Jing. Kilikusanywa wakati wa utawala wa Han, kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita, na kikapewa jina la Shennong, mfalme wa hadithi za kale anayesemekana aliwafundisha watu kilimo na kuonja mimea mmoja mmoja ili ajue upi dawa na upi sumu.

Kitabu hicho kinataja dawa 365, na kinazigawa madaraja matatu. Daraja la juu lina dawa 120 ambazo hazina sumu na mtu anaweza kuzitumia muda mrefu ili kujenga mwili. Daraja la kati lina 120 nyingine zinazohitaji uangalifu. Daraja la chini lina 125, kali, nyingi zina sumu, na ndizo za kupambana na maradhi yenyewe. Hizo hutumiwa kwa muda mfupi kisha zikaachwa.

Uyoga uitwao lingzhi umewekwa daraja la juu, tena kwa rangi sita: nyekundu, nyeusi, buluu, nyeupe, njano na zambarau. Hapa ndipo wauzaji wetu wanapoteleza. Wanasema, "Wachina waliuweka daraja la juu," na msikilizaji anaelewa kuwa ndiyo dawa yenye nguvu kuliko zote. Maana ya kitabu ni nyingine. Daraja la juu ni la kulisha na kutunza mwili, karibu na chakula. Dawa za kupigana na ugonjwa zilikuwa daraja la chini.

Ili tuuelewe mpango huo, tukumbuke kuwa tiba ya Kichina haikuanza na vijidudu wala vipimo vya damu. Ilianza na qi, yaani nguvu ya uhai inayozunguka mwilini, na mizani kati ya yin na yang: baridi na moto, unyevu na ukavu. Mganga hupapasa mishipa ya mkono, hutazama ulimi, kisha huamua mizani imeelemea wapi. Hili si geni kwetu. Bibi zetu walisema chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha moto, na mwenye kifua hapewi vya baridi. Sisi tuliyapata hayo kupitia tiba ya Waarabu na vitabu vya akina Ibn Sina, wenye tabia nne za moto, baridi, ukavu na unyevu. Njia ni mbili tofauti, lakini mzee wa Lamu na mganga wa Kichina wangekaa pamoja wasingekosa la kuzungumza.

Lingzhi: uyoga wa wafalme

Lingzhi ndio huo unaoandikwa kwenye paketi "Ganoderma" au kwa Kijapani "Reishi". Si uyoga laini wa kupikwa na nazi. Una umbo la kipepeo au la figo, rangi ya damu ya mzee, unang'aa kama fanicha iliyopakwa vanishi, na ni mgumu kama ubao. Huota kwenye magogo na visiki vya miti iliyokufa. Ladha yake ni chungu. Wachina hawautafuni, huukata vipande vyembamba na kuuchemsha muda mrefu, wakanywa maji yake.

Zamani kuupata msituni ilikuwa bahati, na kitu adimu hakikosi hadithi. Watu waliamini kuwa anayekula lingzhi haendi na umri. Mwaka 109 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), lingzhi yenye vikonyo tisa iliota ndani ya jumba la mfalme Wu wa Han. Mfalme aliona ni ishara ya heri kutoka mbinguni, akatoa msamaha kwa wafungwa. Tangu hapo maofisa wa mikoani waliotaka kumfurahisha mfalme walimpelekea uyoga.

Na kwa ishara za heri, pwani yetu ina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Ming. Watu wa jumba la mfalme walimwita qilin, mnyama wa hadithi anayetokea zama za mfalme mwema. Mnyama wetu wa kawaida wa nyikani alipofika China akawa muujiza. Kitu kinachotoka mbali hakikosi kuongezewa sifa njiani. Zamani zilikwenda kwao, leo zinakuja kwetu.

Lakini hata Wachina hawakuwa wote wa kuamini tu. Li Shizhen, tabibu mkubwa wa zama za Ming, alitumia karibu miaka thelathini kuandika Bencao Gangmu, kitabu chenye dawa 1,892, alichokimaliza mwaka 1578 na kikachapishwa 1596 akiwa ameshafariki. Alizitaja lingzhi na matumizi yake, kisha akasema waziwazi kuwa uyoga huu unatokana na uozo wa mti, mfano wa uvimbe unaoota kwenye mwili wa mtu, na wanaodhani kuula kutawafanya waishi milele wamepotoka. Huyo ni Mchina, tabibu, miaka mia nne na zaidi iliyopita. Mwuzaji wa leo anayemtaja Li Shizhen kama shahidi wake hakumsoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa China walifaulu kuulima lingzhi, na sasa unapandwa kwenye magogo na mifuko ya unga wa mbao kwa wingi mkubwa. Ndiyo sababu umefika mpaka kwenye kahawa. Siku hizi si adimu hata kidogo, ila bei ya huku kwetu bado ni ya wakati wa wafalme.

Uyoga wa jikoni na wa chunguni

Lingzhi ndio unaojulikana, lakini katika chungu cha mganga wa Kichina uyoga unaotumika zaidi huenda ni fuling. Huu hauonekani juu ya ardhi. Ni donge kama kiazi kikuu, jeusi nje na jeupe ndani, linaloota kwenye mizizi ya msonobari. Kazi yake katika tiba hiyo ni kutoa unyevu uliozidi mwilini, kusaidia mmeng'enyo na kutuliza moyo. Umo katika mchanganyiko mashuhuri uitwao Si Jun Zi Tang, yaani supu ya waungwana wanne: ginseng, baizhu, fuling na mizizi ya susu.

Mchanganyiko huo unatufundisha jambo. Tiba ya Kichina haitegemei dawa moja. Mganga hukusanya dawa kadhaa, moja ikiongoza, nyingine ikisaidia, nyingine ikipunguza ukali wa mwenzake, kisha hubadilisha vipimo kwa kila mgonjwa. Paketi moja kwa watu wote, mtoto na mzee, mwenye presha ya kupanda na mwenye ya kushuka, si tiba ya Kichina hata kama ina maandishi ya Kichina.

Upo pia uyoga wa chakula unaohesabiwa una faida. Xianggu, ambao Wajapani huuita shiitake, umelimwa China kwa karne nyingi. Kitabu cha kilimo cha Wang Zhen cha mwaka 1313 kinaeleza namna ya kuchanja magogo ili uote. Uko mu er, mweusi, mwembamba kama sikio, na yin er, mweupe kama ua la karatasi, unaopikwa na sukari kama kitindamlo kwa ajili ya kifua na ngozi. Hizi ni mboga na supu. Mchina hazinywi kwa kuhesabu matone.

Kiwavi wa baridi, majani ya kiangazi

Cha ajabu kuliko vyote ni kile kinachouzwa kwa jina la Cordyceps. Wachina hukiita dong chong xia cao, maana yake mdudu wakati wa baridi, majani wakati wa kiangazi. Watibeti hukiita yartsa gunbu.

Kwenye nyanda za juu za Tibet, mita 3,000 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari, wapo viwavi wa nondo wanaoishi ardhini wakila mizizi. Kuvu humwingia kiwavi, humla taratibu kutoka ndani hadi anakufa, kisha theluji inapoyeyuka huchomoza kutoka kichwani mwake kama kijiti cha kahawia. Mwezi wa Mei na Juni familia nzima hupanda milimani, zikitambaa kwa magoti kwenye nyasi zikitafuta vijiti hivyo vifupi kuliko kidole. Kwa wakazi wengi wa huko hiyo ndiyo fedha ya mwaka mzima. Vile vilivyo bora hufikia maelfu ya dola kwa kilo, na kwa sababu vinachumwa kupita kiasi, mwaka 2020 viliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini.

Ulimwengu ulikisikia kwa mara ya kwanza kupitia riadha. Septemba 1993, mjini Beijing, wasichana wa kocha Ma Junren walivunja rekodi za dunia ndani ya siku chache. Wang Junxia alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78, akiipunguza rekodi ya zamani kwa sekunde 42. Kocha alisema siri ni mazoezi makali, supu ya kiwavi huyu na damu ya kasa. Dunia nzima ikaanza kununua.

Habari za baadaye hazikutangazwa kwa kelele hizo. Mwaka 2000 wakimbiaji kadhaa wa Ma waliachwa nje ya timu ya Olimpiki ya Sydney baada ya vipimo vya damu kutiliwa shaka. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vilichapisha barua ya miaka ya tisini, iliyotiwa saini na Wang na wenzake, wakisema walilazimishwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku. Rekodi ile ilivunjwa mwaka huo huo Rio na Almaz Ayana wa Ethiopia, na mwaka 2024 Mkenya Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 29. Sisi wa nchi ya wakimbiaji tungetakiwa kuwa wa mwisho kudanganyika na supu ya kiwavi.

Na kwa kuwa asili yake ni ghali mno, kile kilichomo kwenye vidonge vya bei ya kawaida si kile cha Tibet. Aghalabu ni kuvu wa jamii hiyo aliyekuzwa kiwandani. Si lazima kiwe kibaya, lakini mnunuzi anastahili kuambiwa.

Maabara zimeona nini?

Uyoga huu si maji matupu. Ndani yake mna beta-glukani, aina ya wanga ambayo seli za kinga za mwili huitambua na kuamshwa nayo. Lingzhi ina pia triterpeni, ndizo zinazoleta uchungu ule. Katika vyombo vya maabara na kwa panya, vitu hivi vimeonyesha mambo mengi: kuamsha kinga, kupunguza uvimbe, hata kuzuia baadhi ya seli za saratani kukua. Wajapani walikwenda mbali zaidi. Kutoka kwenye uyoga wa xianggu walitoa lentinani, wakaikubali mwaka 1985 kama sindano ya kusaidiana na dawa za saratani ya tumbo. Tuangalie maneno: dutu iliyosafishwa, inayodungwa hospitalini, pamoja na dawa nyingine. Umbali kutoka hapo hadi kijiko cha unga ndani ya kikombe ni mrefu.

Kwa binadamu, je? Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaokusanya na kupima utafiti wa tiba, waliitazama lingzhi kwa wagonjwa wa saratani. Walipata majaribio matano ya kutegemewa kiasi, yenye wagonjwa 373 kwa jumla. Hawakuona ushahidi wa kutosha kuitumia kama tiba ya kwanza ya saratani, wala kwamba inarefusha maisha. Waliona dalili kuwa wanaopewa lingzhi pamoja na tiba ya kawaida huenda wakaitikia tiba vizuri zaidi na wakajisikia afadhali, ila majaribio yenyewe yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa ubora wa juu. Kwa hivyo lingzhi peke yake haikuonekana kupunguza uvimbe wa saratani.

Kwa sukari na presha, maradhi yaliyotujaa huku pwani, wataalamu hao hao walitoa ripoti mwaka 2015. Baada ya kukusanya majaribio ya watu wenye sukari ya ukubwani, walihitimisha kuwa ushahidi uliopo hauungi mkono kutumia lingzhi kuteremsha sukari, presha wala mafuta ya damu.

Tena serikali ya China yenyewe haidai hayo. Lingzhi imo katika kitabu rasmi cha dawa cha nchi hiyo tangu toleo la mwaka 2000, na kazi zilizoandikwa hapo ni kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, kikohozi na pumzi kubana kwa mtu dhaifu, na kukosa hamu ya kula. Saratani haimo. Sukari haimo. Kipimo chake ni gramu 6 hadi 12 za uyoga mkavu kwa siku. Chukua paketi ya kahawa uliyo nayo, soma ina miligramu ngapi za uyoga, kisha piga hesabu. Kama hawakuandika kabisa, hilo nalo ni jibu.

Kuvu zilizofanikiwa

Asije mtu akasema kuwa mwandishi ametekwa na hospitali za Wazungu na hathamini dawa za asili. Dawa kubwa za hospitali nyingi zimetoka kwenye kuvu. Penisilini aliyoiona Alexander Fleming mwaka 1928 ni ya kuvu. Vidonge vya kuteremsha mafuta ya damu, vinavyotumiwa na wazee wetu wengi, vilianza na Akira Endo wa Japani, aliyetafuta ndani ya maelfu ya kuvu miaka ya sabini. Siklosporini, inayozuia mwili kuikataa figo iliyopandikizwa, ilitoka kwenye kuvu ya udongo wa Norway, na baadaye ikajulikana kuwa ni jamaa wa karibu wa yule mla viwavi wa Tibet.

Na mfano ulio karibu nasi zaidi si wa uyoga bali wa jani. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua maelfu ya maelekezo ya waganga wa kale. Katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne, aliona kuwa jani la qinghao liliroweshwa kwenye maji na kukamuliwa, halikuchemshwa. Akafahamu kuwa huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaitoa kwa joto la chini. Wakajaribu kwa panya, kisha yeye mwenyewe akainywa kabla ya kuwapa wagonjwa. Hiyo ndiyo artemisinini, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo iliyomo katika dawa mseto ya malaria tunayopewa bure kwenye zahanati za Kenya tangu mwaka 2006. Wangapi wetu hapa pwani tungekuwa tumezika watoto zaidi bila ya jani lile?

Basi hoja si Uchina dhidi ya hospitali. Jani la qinghao lilikuwa na sifa za kale kama lingzhi. Tofauti ni kwamba lilipelekwa kwenye mizani, likapimwa mbele ya watu wote, na likafaulu. Lingzhi imepelekwa kwenye mizani hiyo hiyo, na mpaka sasa haijafaulu kwa yale inayouziwa.

Madhara yake

Wengi husema, "Ni kitu cha asili, hakina ubaya." Muhogo mchungu nao ni wa asili.

Kwanza, lingzhi inaweza kupunguza kuganda kwa damu. Anayetumia warfarini au aspirini, au anayengojea upasuaji, anajitafutia kuvuja damu. Hata mu er wa jikoni una tabia hiyo; mwaka 1980 daktari wa Marekani, Dale Hammerschmidt, aliandika kuhusu wagonjwa waliopata madoa ya damu chini ya ngozi baada ya kula chakula cha Kichina chenye uyoga huo kwa wingi.

Pili, inaweza kuongeza nguvu ya dawa za sukari na presha, mtu akashuka ghafla. Tatu, vimeandikwa visa vichache vya ini kudhurika vibaya kwa waliotumia unga wa lingzhi, vikiwemo Hong Kong na Thailand. Nne, xianggu usioiva vizuri huwaletea baadhi ya watu vipele vyenye mistari mwilini kama waliochapwa viboko.

Tano, na kubwa kwetu, ni kutojua kilichomo. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya China ilionya kuwa bidhaa za kiwavi wa Tibet zilizopimwa zilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu, miligramu 4.4 hadi 9.9 kwa kilo, wakati kiwango cha vyakula vya afya ni 1. Na mwaka 2017 watafiti waliopima bidhaa 19 za lingzhi zilizouzwa Marekani walikuta 5 tu ndizo zilizolingana na maandishi yake. Nyingine zilikuwa na dalili za wanga mtupu. Ikiwa Marekani ni hivyo, je, mzigo unaopita kwenye mikono sita hadi kufika Kongowea?

Upande wa dini

Nimeulizwa pia kama inafaa kwa Muislamu. Kuvu si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliitaja kam'a, uyoga unaoota chini ya mchanga wa jangwani, akasema ni katika mann, na kwamba maji yake yana shifaa kwa macho. Na ametuhimiza kutafuta dawa, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Kutafuta dawa maana yake ni kutafuta kwa elimu, na dawa ya jambo moja haifanywi kuwa dawa ya mambo yote.

Uyoga wenyewe ni halali maadamu hauna sumu wala haulevyi. Angalieni vinavyoandamana nao. Baadhi ya dawa za maji za Kichina huloweshwa kwenye pombe. Maganda ya vidonge mara nyingi ni ya jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Na kiwavi wa Tibet huliwa na mwili wake. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi wadudu hawaliwi isipokuwa nzige, kwa hivyo muulizeni mwanachuoni mnayemwamini kabla ya kununua.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Mwuzaji akija, mkaribishe kahawa yako, kisha muulize haya. Ni uyoga gani hasa, na ni sehemu gani yake iliyotumika? Una gramu ngapi kwa kila paketi? Bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na nambari yake ya usajili ni ipi? Je, wewe unapata faida kwa kuuza, au kwa kuniingiza mimi nami niuze? Mfumo ambao faida yake ni kuingiza watu huhitaji hadithi mpya za watu waliopona kila wiki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ikiwa una sukari, presha, ugonjwa wa moyo, figo au ini, una mimba au unanyonyesha, usianze kabla ya kumwambia daktari au mfamasia wako, na umpelekee paketi aione. Usione haya, mficha maradhi kilio humuumbua. Na kubwa kuliko yote, usiache vidonge vyako. Presha haipigi hodi. Mtu huacha dawa wiki tatu, akajisikia mzima, akasifu uyoga, na wiki ya nne akapooza upande mmoja. Mwenye uvimbe titi anayekunywa kahawa miezi sita akingoja uyeyuke, anaipa saratani miezi sita ya bure.

Anayetaka faida ya uyoga bila hasara, upo uyoga wa chakula unaolimwa hapa hapa Kenya na kuuzwa sokoni na madukani. Una protini, hauna mafuta mengi, na ukipikwa na nazi na ndimu hauhitaji hadithi. Yule wa porini uacheni kwa wanaoujua, kwani unaoua hufanana na unaoliwa.

Na kama nyumbani kwako yuko mzee ambaye kabati lake limejaa paketi hizi, usimgombeze wala usimcheke. Kaa naye, mhesabie zilimgharimu kiasi gani kwa mwezi, mtazamie kama vidonge vyake vya hospitali vinapungua kama inavyotakiwa, na umpeleke kliniki akapimwe presha na sukari wiki hii. Wallahu a'lam.